Kisa cha shosho wa Jericho: sukari ilishuka na ugali ukabaki mezani

Mzee akiambiwa ana sukari, kitu cha kwanza nyumba nyingi hapa Nairobi hufanya ni kumnyang'anya chakula. Ugali unaondolewa, ndizi zinafichwa, chai inakuwa ya rangi kwa lazima, na kila mtu anaanza kumchunga akikula. Mimi ni mshauri wa lishe, wateja wangu wengi ni wazee wa Eastlands, na kisa nataka tuchambue ni cha mama mmoja wa miaka 71 anayeishi Jericho na binti yake na wajukuu. Ameniruhusu nikiandike bora nisimtaje jina, kwa hivyo nitamwita Shosho tu, venye hata majirani humwita. Nimekichagua juu kinaonyesha kitu nakiona kila mara na kinaniuma sana: kwa mzee anayetumia dawa fulani, sukari ya chini inaweza kumwangusha haraka kuliko ile ya juu, na familia ikikata chakula bila mtu kuangalia dawa, inamweka kwa hatari huku ikidhani inamwokoa.

Shosho aliuza mitumba Gikomba miaka mingi, blauzi na sketi za kina mama. Mwenye amefanya kazi Gikomba anajua hiyo si kazi ya kukaa, unaamka kabla jua halijatoka uwahi mzigo ukifunguliwa, unang'ang'ania kamera, zile nguo bora za kuchaguliwa kwanza, na wengine, unabeba, unasimama mchana wote, jioni unatembea hadi stage na gunia mgongoni. Kwa miaka hiyo yote alikula ugali mkubwa, chai ya sukari nyingi, mandazi, na mwili ukavitumia. Halafu goti la kulia likaanza kuuma, daktari akamwambia ni gegedu imelika, watoto wakamwambia mama sasa pumzika, ameshatulea inatosha. Akapumzika kweli. Kiti, televisheni, mlangoni kuota jua, kiti tena. Chakula hakikubadilika hata kidogo.

Hapa ndipo kisa kinaanza, na si siku ya kupimwa. Ukikula wanga, sukari inayoingia kwa damu sehemu kubwa inaenda kwa misuli, hasa ile mikubwa ya mapaja na makalio. Misuli ndiyo ghala. Mtu akizeeka ghala linapungua lenyewe, na akikaa bila kutembea linapungua haraka zaidi, na hata hiyo iliyobaki inakuwa nzito kusikia insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwa misuli. Kwa hivyo Shosho alikuwa anapeleka mzigo ule ule wa Gikomba kwa ghala dogo, na baki ikawa inazunguka kwa damu na kuongezeka kiunoni. Alikuwa kilo 82 na urefu wa mita 1.58, mwingi ukiwa tumboni.

Aliyemgundua alikuwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa, wale waliopewa mikoba na serikali 2023 yenye mashine ya presha na glukomita ya kupima sukari ndani. Alipita nyumba kwa nyumba, akamdunga kidole, ikasoma 16.8 mmol/L na Shosho alikuwa amekunywa chai tu. Alipoulizwa vizuri akasema ndio, amekuwa akiamka usiku kukojoa mara nyingi, kiu haikatiki, na Biblia herufi zimeanza kucheza. Yeye alidhani ni uzee. Hospitalini akapimwa akiwa hajakula, 11.4, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kikatoka asilimia 9.4. Kwa wasiojua, ukipimwa hujakula na ikafika 7.0 kwenda juu, ama HbA1c ikafika 6.5 kwenda juu, hiyo ni kisukari. Akapewa metformini mara mbili kwa siku na tableti ya glibenklamaidi kila asubuhi, akaambiwa apunguze vyakula vya sukari, akarudi nyumbani.

"Apunguze vyakula vya sukari." Hiyo sentensi moja ndiyo binti yake alibeba, na binti ni mtu anayempenda mamake sana, akaanza kusoma kila kitu anachotumiwa kwa simu. Ugali ukakatwa kabisa. Wali, viazi, nduma, chapati, vyote nje. Matunda yote nje. Kuna mtu akasema hata maharagwe ni wanga, yakatoka pia. Shosho akabaki na sukuma wiki ya kuchemsha, yai moja, supu, na glasi ya majani machungu yaliyosagwa ambayo mama mmoja wa kanisa alisema yamemponya shemeji yake. Dawa za hospitali akaendelea kumeza kama zilivyoandikwa. Na kwa sababu Shosho ni mtu wa maombi, Jumatano alikuwa anafunga hadi jioni, lakini dawa ya asubuhi hakukosa maana aliambiwa asikose.

Jumatano moja saa tano asubuhi mjukuu alimkuta amekaa kitandani ametoka jasho jingi, anaongea maneno hayashikani, anamwita kwa jina la mjombake aliyekufa zamani. Binti alipopigiwa simu alifikiria ni stroke, na hata mimi siwezi kushangaa, juu kwa wazee sukari ikishuka mara nyingi haiji na ile kutetemeka watu wanajua, inakuja kama kuchanganyikiwa, uzito wa ulimi, ama kulala ovyo, na watu wanasema ni umri tu ama wanakimbilia kitu kingine. Jirani mwenye glukomita akapima, 2.9. Wakamkorogea vijiko vinne vya sukari kwa maji akanywa, akarudi akilini, lakini wakafanya jambo la maana sana ambalo wengi hawafanyi, walimpeleka hospitali hata baada ya kuamka.

Kwa nini ni la maana? Glibenklamaidi inalazimisha kongosho itoe insulini iwe umekula ama hujakula. Haiulizi. Na inakaa mwilini muda mrefu, kwa mzee zaidi kwa sababu figo zake zinaitoa polepole, kwa hivyo mtu anaweza kunywa maji ya sukari akasimama vizuri, halafu baada ya saa kadhaa ikashuka tena akiwa amelala. Ndiyo maana miongozo ya dawa za wazee imekuwa ikisema hii dawa iepukwe kwa watu wa umri huo. Metformini yenyewe ikiwa peke yake haina hiyo tabia, ni nadra sana kumwangusha mtu. Nisisitize pia kitu kuhusu hiyo sukari ya kukoroga, inapewa mtu anayeweza kumeza, kama amezimia usimmwagie kitu mdomoni, mlaze ubavu na utafute gari.

Daktari akaiondoa glibenklamaidi siku hiyo hiyo, akapima figo, akakuta ziko sawa, akapanga metformini ipandishwe polepole, na akamwelekeza kwangu. Ndipo tukakutana.

Alikuja na binti yake na mkoba wa daftari. Binti alikuwa na maswali mengi, Shosho alikuwa na moja tu: "Mwanangu, nitakula nini hadi nikufe?" Alikuwa amepoteza kilo nne kwa muda mfupi, na watu wakampongeza, lakini nilipomwambia asimame kutoka kwa kiti bila kushika popote alihangaika. Hii ni kitu napima kwa kila mzee, sekunde 30, anasimama na kukaa mara ngapi, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10 tunasema nguvu ya miguu iko chini na kuanguka kuko karibu. Shosho alipata 6. Zile kilo zilizotoka hazikuwa mafuta peke yake, misuli ilikuwa inaenda nayo, yaani ghala lenyewe lilikuwa linabomolewa ili sukari ishuke.

Sikumpa karatasi ya vyakula. Nilimwambia anisimulie siku yake ya zamani, kabla ya sukari kujulikana, kuanzia akifungua macho. Na hapo ndipo mambo yakajitokeza. Chai ya maziwa, vijiko vitatu vilivyojaa kwa kikombe, na thermos inakaa karibu naye hadi jioni, vikombe kama vitano. Kijiko kilichosawazishwa ni kama gramu 4 za sukari, kwa hivyo hata tukihesabu kwa huruma hapo ni gramu 60 za sukari kabla hajagusa chakula. WHO tangu 2015 wanasema sukari ya kuongezwa ikae chini ya kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana 25. Saa nne mandazi mbili. Mchana githeri, na hiyo githeri ndiyo ilikuwa mlo bora wa siku yake, ndiyo pia binti aliondoa kwanza. Saa kumi uji wa wimbi kikombe kikubwa, na sukari ndani, "juu uji ni afya". Halafu supper saa tatu ama saa tatu na nusu usiku, kwa sababu wanamsubiri kijana wa nyumba atoke kazini na foleni ya Jogoo Road unaijua jioni. Ugali mkubwa, sukuma kidogo, mchuzi, habari, kulala.

Nikamuuliza vipimo vyake vya asubuhi huwa ngapi, binti akafungua daftari, asubuhi zote ziko juu, 10, 11, hata siku mama hajaguza sukari tangu jana mchana. Walikuwa wamechoka wakishindwa inatoka wapi. Inatoka sehemu mbili. Ini usiku linatoa sukari lenyewe, na kwa mwenye kisukari linatoa kupita kiasi, hiyo ndiyo kazi kubwa ya metformini kuituliza. Na mlo mkubwa wa wanga, kama ule wake wa kabla ya ugali kukatwa, ulioliwa saa tatu na mtu akaenda kulala moja kwa moja unakaa kwa damu hadi usiku wa manane. Kwa hivyo tatizo kubwa la Shosho halikuwa ugali kuwepo. Lilikuwa ni wakati wake, ukubwa wake, na kwamba baada yake hakuna misuli iliyofanya kazi yoyote.

Tulianzia hapo. Shosho akaanza kula saa moja jioni na wajukuu, asisubiri. Hili lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia, maana kwake kula kabla ya kijana kufika ilikuwa kama kumkosea heshima, kijana mwenyewe ndiye alimwambia, "Shosh, kula, mimi nikifika utakuja unikalie tu tukipiga stori." Sasa anakaa naye na kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi, na mambo yakaisha.

Ugali ukarudi, kipande cha ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, si ya mwanawe. Nusu ya sahani mboga, managu ama terere ama kunde ama sukuma, yoyote iliyo nafuu siku hiyo pale Jericho Market, robo iliyobaki protini. Na aanze na mboga na protini, ugali uingie mwisho, juu kuna utafiti ulioonyesha watu wenye kisukari wakila hivyo sukari baada ya mlo haipandi kama wakianza na wanga, chakula ni kile kile. Kwa Shosho ilisaidia kwa njia nyingine pia, alikuwa anafika kwa ugali akiwa tayari ameanza kushiba.

Niseme kuhusu ugali wa brown maana naulizwa kila siku. Unga wa posho usiokobolewa una nyuzi zaidi, una vitamini zaidi, ni mzuri, mimi mwenyewe nakula. Lakini wanga wake hauko mbali na ule mweupe, na ukikula kipande kikubwa cha brown kwa sababu umeambiwa ni wa watu wa sukari, glukomita itakuonyesha. Uji wa wimbi ni hivyo hivyo, wimbi ni nafaka nzuri lakini ikisagwa laini na kupikwa ikawa ya kunywa, inaingia haraka sana, na kikombe kikubwa ni mlo mzima wa wanga umekunywa kwa dakika mbili. Asali ni sukari. Sukari nguru ni sukari. Nduma na ngwaci, yaani viazi vitamu, ni chakula kizuri lakini vinakaa upande wa ugali kwa sahani, haviongezwi juu yake. Tulipunguza uji hadi kikombe kidogo cha uji uliochachuka bila sukari, siku kadhaa kwa wiki, na siku zingine saa kumi anakula njugu karanga kiganja kimoja ama avokado.

Githeri ikarudi, na maharagwe yawe mengi kuliko mahindi. Matunda yakarudi, zima, si juisi, chungwa moja ama kipande cha paipai. Chai ilishushwa kwa hatua, vitatu hadi viwili, viwili hadi kimoja, halafu hakuna, na binti aliniambia hiyo ya mwisho ilichukua muda na manung'uniko ya kutosha. Tuliongeza mdalasini na iliki kwa ajili ya ladha tu. Simuuzii mtu mdalasini kama dawa. Yale majani machungu tuliyaacha kabisa, si kwa sababu kila mmea ni mbaya, ni kwa sababu hakuna aliyejua ni kiasi gani na yanafanya nini yakikutana na dawa zake.

Sasa protini. Hii ndiyo watu wanasahau kabisa kwa wazee. Mzee anahitaji protini zaidi kwa kila kilo kuliko kijana, wataalamu wengi wa lishe ya wazee wanasema gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa siku kama figo ziko sawa, na Shosho alikuwa anapata labda nusu yake. Hatukuenda kwa nyama kila siku, hiyo pesa haipo. Tulienda kwa omena, mayai, ndengu, maziwa mala, njahi siku ya Jumapili. Omena zilibadilisha hiyo nyumba kwa kweli, ni bei ya chini na hakuna mfupa wa kutupa.

Kutembea ndiko tulikobishana. Goti linauma, na kila mtu alikuwa amemwambia atembee nusu saa, akajaribu siku moja goti likafura akaacha. Mimi nilimwomba dakika kumi hadi kumi na tano, baada ya kula, hasa baada ya supper, ndani ya mtaa, ameshika mkono wa mjukuu wa high school. Hii sikuitoa kichwani. 2013 watafiti wa Marekani walichukua kundi dogo la watu wa zaidi ya miaka 60 ambao sukari zao zilikuwa zimeanza kupanda, wakawalinganisha wakitembea dakika 15 baada ya kila mlo na wakitembea dakika 45 mfululizo, na ile ya baada ya chakula cha jioni ndiyo ilishusha sukari ya usiku vizuri, ile ndefu ya saa zingine haikufanya hivyo. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari hata bila kungoja insulini sana, ndiyo sababu. Asubuhi goti likiwa limelegea alikuwa anaenda hadi Camp Toyoyo, anazunguka uwanja polepole, anakaa na kina mama wenzake, anarudi. Wakati wa mvua anazunguka ndani ya nyumba, kutoka jikoni hadi mlangoni, na wajukuu wakazoea.

Na kusimama kutoka kwa kiti. Kila tangazo la televisheni likija anasimama na kukaa mara tano, mwanzo akishika meza, baadaye bila. Ukiona hiki kisa kimefika mahali pazuri, mimi naamini hiki kitu kidogo kina mkono mkubwa kuliko watu watakavyokubali.

Suala la kufunga tuliliacha kwake na mchungaji wake. Nilimweleza tu kilichotokea ile Jumatano na kwa nini. Mchungaji akamwambia wagonjwa na wazee hawadaiwi kukaa bila chakula, siku ya Jumatano azime televisheni na simu aombe, ale chakula chake kidogo. Alikubali bila shida yoyote, na kwa vile glibenklamaidi haipo tena hofu yangu ilipungua sana, ila bado sitaki mzee mwenye misuli michache akae kutwa bila kula.

Kuhusu kupima, strip za glukomita si bei rahisi, kwa hivyo nilikataa ile ya kupima kila asubuhi tu na kuandika namba ile ile ya kukatisha tamaa. Tulipima kwa jozi, kabla ya mlo na saa mbili baada ya mlo huo huo, siku mbili ama tatu kwa wiki, kila wiki mlo tofauti. Hapo ndipo Shosho mwenyewe aliona kwa macho yake chapati mbili zinafanya nini na githeri inafanya nini. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kumshawishi. Aliniambia, "Hii mashine haina upendeleo."

Halafu kukatokea kitu ambacho karibu kivunje kila kitu. Kama mwezi wa nne hivi wa safari yetu, namba zilikuwa zimekaa vizuri, asubuhi 7 na kidogo, baada ya chakula 9, na ghafla kwa siku mfululizo zikaruka, 14, 15, hata 17 mchana. Binti akapekua jikoni. Akamuuliza mtoto wa jirani kama amemletea nyanyake mandazi. Shosho akanipigia simu akilia, anasema ameitwa mwongo kwa nyumba yake na hajaguza kitu, na kama hata akijitesa hivyo sukari inapanda, basi ni heri aache.

Nikamuuliza swali moja, kuna dawa yoyote mpya, ya kumeza, kupaka ama kuchomwa? Akasema hapana, ni ile sindano tu ya goti. Alichomwa goti siku chache kabla, maumivu yalikuwa yamezidi. Hizo sindano za goti nyingi zinakuwa na steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, na steroidi hata ikichomwa ndani ya kiungo kiasi chake kinaingia kwa damu, na kwa mtu mwenye kisukari inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, hadi kama wiki, halafu inarudi yenyewe. Hakuna aliyemwambia, na pengine aliyemchoma hakuulizwa ama hakuambiwa ana sukari. Tukawasiliana na daktari wake, akasema aendelee na dawa zake, anywe maji ya kutosha, apime mara mbili kwa siku, na ikizidi kupanda ama akianza kutapika ama kulegea aje mara moja. Baada ya siku saba namba zikarudi zilikokuwa. Binti alimwomba mamake msamaha mbele ya wajukuu, na nafikiri hilo lilikuwa muhimu kwa sukari ya Shosho kama kitu kingine chochote tulichofanya, maana mzee akianza kushukiwa kwake anaanza kula kwa kujificha, na anayekula kwa kujificha hutaweza kumsaidia.

Sindano yenyewe sikuikataza. Ilimpa goti, na goti lilimpa matembezi. Ila ikija tena daktari ataambiwa mapema, na nyumbani watajua nini kinakuja.

Desemba walienda ushago, ilikuwa chapati, soda, nyama, namba zikapanda kidogo, wakarudi Nairobi zikashuka, sina mengi ya kusema hapo.

Matokeo. Miezi mitatu baada ya kuanza, HbA1c ilitoka 9.4 ikawa 7.6. Miezi sita ikawa 7.0. Uzito kutoka ile 78 aliyokuja nayo ulienda 76, yaani haukushuka sana, lakini kiuno kilipungua na zile kusimama kwa kiti zilitoka 6 zikawa 11. Usiku anaamka mara moja. Herufi za Biblia zimetulia, ingawa macho yake yalipimwa na kuna mtoto wa jicho kidogo wa kufuatiliwa, huo hauna uhusiano na ugali wa jana. Glukomita haikusoma tena chini ya 4.

Lengo letu na daktari lilikuwa HbA1c chini ya 7.5, kwa hivyo amefika. Watu huniuliza kwa nini si 6. Mzee mwenye afya nzuri kiasi anawekewa 7.0 hadi 7.5, na mwenye magonjwa mengi ama kusahau sahau analegezewa hadi 8.0, kwa sababu kumsukuma chini zaidi kunaleta hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa bila faida ya maana kwa miaka aliyobaki nayo. Hiyo si kukata tamaa na mzee. Ni kumpenda kwa akili.

Sasa nini hasa kilifanya kazi? Siwezi kutenganisha kila kitu, na yeyote anayekwambia kwa kisa kimoja ni mdalasini ama ni wimbi anakuuzia. Metformini ilipandishwa, na kipande cha huo mteremko ni chake. Lakini vile vipimo vya jozi vinasema kitu. Siku za supper ya saa moja na kutembea, asubuhi ilikuwa chini kwa kama 2 kuliko siku za supper ya usiku, na hiyo ilionekana mara nyingi hadi tukaacha kubishana. Sukari ya chai ilishusha mchana. Misuli ilikuja baadaye, polepole, na ndiyo inashikilia.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, wa watu ambao sukari ilikuwa juu kidogo lakini bado si kisukari. Waliobadilisha chakula na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa 58%, na wale wa miaka 60 kwenda juu kwa 71%, ilhali metformini kwa wazee hao haikufanya makubwa. Ule ulikuwa wa kuzuia, Shosho alikuwa ameshafika upande wa pili, lakini mimi huutaja kila mara juu kuna watu wanaamini mzee hawezi kubadilika na data inasema wazee ndio walifaidika zaidi. Ule mwingine wa Uingereza wa 2017, wa kunywa shake za kalori chache hadi kisukari kinaingia mafichoni, uliwachukua watu hadi miaka 65 tu na chini ya usimamizi, kwa hivyo tafadhali usimwekee mamako wa miaka 75 hiyo diet juu umeona mtu wa miaka 40 amefaulu.

Mara ya mwisho tulipokutana binti aliuliza kama sasa metformini inaweza kutoka. Nilimwambia hilo ni la daktari na si langu, ila mimi nikiulizwa maoni ningesubiri vipimo viwili zaidi vya HbA1c vikae chini ya 7.0 kabla ya kupunguza hata tableti moja, na nikaomba vitamini B12 ipimwe juu metformini ikinywewa muda mrefu inaweza kuishusha na Shosho amesema vidole vya miguu vinakufa ganzi wakati mwingine. Miguu yake inaangaliwa kila jioni na mjukuu, katikati ya vidole pia, na zile kandambili za nje zimebadilishwa na raba zilizofunika vidole. Kipimo kinachofuata ni mwezi ujao, kabla mvua ndefu hazijaanza kumfungia ndani.